Maswali Yenu: Penélope Cruz, Filamu Zake na Sauti Yake

Barua za mwezi huu nyingi zinamhusu mtu mmoja, mwigizaji wa Kihispania Penélope Cruz. Zilizouliza jambo lilelile tumeziunganisha. Zilizotaka umbea wa ndani ya nyumba yake tumeziweka kando.

Jina lake hutamkwaje? Hapa kwetu mmoja anasema "Kruzi", mwingine "Krus". Na kwa nini hakuchukua jina la mumewe? (Msomaji, Tanga)

Jina kamili ni Penélope Cruz Sánchez. Huko Hispania kila mtu ana majina mawili ya ukoo, kwa kawaida la kwanza la upande wa baba na la pili la upande wa mama. Mwanamke akiolewa habadilishi kitu. Alifunga ndoa na mwigizaji mwenzake Javier Bardem Julai 2010 na majina yake yakabaki yaleyale. Kichekesho ni kwamba Bardem mwenyewe anatumia jina la mama yake, marehemu Pilar Bardem, aliyekuwa mwigizaji mkubwa. Kwa baba yeye ni Encinas. Kwa hiyo watoto wao kisheria ni Encinas Cruz, na hilo jina Bardem halimo kabisa.

Kwenye matamshi Mswahili ana bahati. Irabu za Kihispania ni tano, zilezile zetu. Hiyo z ya mwisho, kwa watu wa Madrid, ni th ya "thelathini", basi sema "Kruth" na ukomee hapo, usiongeze irabu. Anayesema "Krus" hajakosea, ila amevuka bahari: hivyo ndivyo wanavyotamka Amerika ya Kusini. Kinachotuponza sisi ni mkazo. Tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, tukaishia kusema pe-ne-LO-pe. Ile alama juu ya é ipo kukuelekeza: pe-NE-lo-pe. Jina lenyewe wazazi wake walilitoa kwenye wimbo wa Joan Manuel Serrat.

Mama anashikilia kwamba ni Mmeksiko na kwamba alimwona kwenye tamthilia zamani. Tusuluhisheni. (Msomaji, Nairobi)

Mama atusamehe. Huenda anamchanganya na Salma Hayek, ambaye ni Mmeksiko kweli na alianzia kwenye tamthilia za kwao. Wawili hao ni marafiki, na mwaka 2006 walicheza pamoja kwenye Bandidas, jambo ambalo halikusaidia watu kuwatofautisha.

Cruz alizaliwa tarehe 28 Aprili 1974 Alcobendas, mji ulio kaskazini ya Madrid. Baba yake Eduardo alishughulika na magari, mama yake Encarna alikuwa na saluni. Saluni hiyo ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Cruz amesimulia mara nyingi kwamba alikuwa akikaa pale na madaftari yake akijifanya anaandika kazi za shule, kumbe anawasikiliza wanawake waliokuja kutengenezwa nywele: wanavyosema wakiwa wametulia, wanavyoshusha sauti wakifika kwenye siri, wanavyocheka ili wasilie. Ukiwatazama wanawake aliowaigiza baadaye, hasa wale wa mitaa ya hali ya chini, utaitambua saluni hiyo.

Upande wa pili ni baleti, aliyoisoma kwa miaka 9 kwenye taasisi ya taifa. Mgongo na shingo vimebaki na alama yake hadi leo. Alipokuwa na miaka 15 alishinda usaili wa wakala mmoja wa waigizaji uliokuwa na wasichana zaidi ya 300. Mwaka huohuo, 1989, akaonekana kwenye video ya kundi la muziki la Mecano, na miaka ya mwanzo ya tisini akawa mtangazaji wa kipindi cha vijana kwenye televisheni.

Kilichomtoa ni mwaka 1992, filamu mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni Jamón, jamón ya Bigas Luna, ambamo alicheza na Bardem miaka 18 kabla ya ndoa yao. (Usiiwashe sebuleni wakwe wakiwepo.) Ya pili ni Belle Époque ya Fernando Trueba, ambamo ni mdogo wa dada wanne, na filamu hiyo ikaipa Hispania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni mwaka 1994.

Nimemwona kwenye Sahara na Vanilla Sky. Mrembo, sikatai, lakini uigizaji wenyewe sikuuona. Mnasifia nini hasa? (Msomaji, Mombasa)

Umemwona mahali pabaya, na si wewe peke yako. Kuanzia 1998 hadi 2005 hivi alicheza filamu nyingi za Kiingereza, na wakosoaji wa Marekani walimchoka haraka. Kwa filamu tatu za mwaka 2001, yaani Blow, Captain Corelli's Mandolin na Vanilla Sky, alipendekezwa kwa ile tuzo ya dhihaka ya Razzie kama mwigizaji mbaya wa kike. Mwanamke huyohuyo miaka miwili mitatu nyuma alikuwa ameshinda Goya, tuzo kubwa ya filamu ya Hispania, kwa La niña de tus ojos (1998), na alikuwa ndani ya Todo sobre mi madre (1999) iliyochukua Oscar. Kipaji hakiozi kwa miaka miwili. Kuna kitu kiliharibika njiani, na kinaweza kuelezwa.

Cha kwanza ni kasi. Silaha ya Cruz kwa Kihispania ni kusema upesi huku mikono ikifanya kazi nyingine: anakaanga, anagombana, anajibu simu na kumfukuza mtu mlangoni, yote kwa pumzi moja. Kihispania, kama Kiswahili, hutoa kila silabi na haki yake, na mzungumzaji mzuri hukimbia juu ya silabi hizo bila kuzimeza. Kiingereza hakiendi hivyo. Kinakaza neno moja na kumeza mengine matatu, na mzaha mzima unaweza kutegemea neno lipi limemezwa. Mtu aliyekijifunza ukubwani hulazimika kupunguza mwendo ili asipotee, na Cruz akipunguza mwendo silaha imeshaanguka mkononi. Unabaki na uso mzuri unaosubiri zamu yake ya kusema.

Cha pili ni kukariri kwa sauti badala ya maana. Kuhusu The Hi-Lo Country (1998), filamu yake ya mwanzo huko Marekani, amewahi kusema kwamba mistari yake aliijua, lakini nje ya mistari hiyo kumwelewa mtu kulikuwa kazi. Hebu fikiria hali hiyo kazini. Mwongozaji akibadilisha sentensi asubuhi, mwenzako akiongeza neno ambalo halikuwamo, huna cha kumrudishia. Mwigizaji wa namna hiyo husikiliza neno la mwisho la mwenzake ili ajue zamu yake imefika, na kamera huliona hilo: macho yanasubiri, hayasikii.

Cha tatu, na kwetu sisi ndicho kizito zaidi, ni uhusika wenyewe. Kwenye Sahara (2005) yeye ni Daktari Eva Rojas wa Shirika la Afya Duniani, hadithi inapita Nigeria na Mali ingawa sehemu kubwa ilipigwa Moroko, na kazi yake kubwa ni kuwa karibu na shujaa. Hakuna ambaye angeng'ara hapo.

Tunasema hicho ndicho kizito kwa sababu kuna ushahidi wa kinyume. Mwaka 2004 aliigiza kwa Kiitaliano, lugha nyingine ya kujifunza, kwenye Non ti muovere ya Sergio Castellitto. Akapewa mwanamke fukara, asiyependeza, mwenye mwendo wa mtu aliyechoka tangu utotoni. Waitaliano wakampa David di Donatello, tuzo yao kuu, ya mwigizaji bora wa kike. Basi lugha ya kigeni peke yake haimzimi. Lugha ya kigeni pamoja na uhusika mwembamba ndivyo vinavyomzima.

Jaribio ni hili, na unaweza kulifanya mwenyewe. Vanilla Sky ni filamu iliyotengenezwa upya kutoka Abre los ojos ya Alejandro Amenábar ya mwaka 1997, na Cruz anacheza mtu yuleyule, Sofía, kwenye zote mbili. Tafuta pale ambapo Sofía na yule kijana wako nyumbani kwake usiku na wanachorana picha. Itazame ya 1997 kwanza, halafu ya 2001. Tukio lilelile, mwigizaji yuleyule, miaka minne katikati. Kwenye ya kwanza anamchokoza kijana kwa maneno na unaona nani anaongoza mchezo. Kwenye ya pili anachokoza kwa tabasamu, kwa kuwa maneno hayamtii bado.

Nakala niliyonayo imewekewa sauti ya mtafsiri wa Kiswahili juu yake. Inatosha? (Msomaji, Mwanza)

Kwa filamu ya mapigano inatosha na pengine inanoga zaidi, tumekulia kwenye vibanda umiza na hatuwezi kuwadharau watafsiri wale. Kwa Cruz haitoshi. Mtafsiri anasema juu ya mwigizaji, na kinachofunikwa ndicho tulichokieleza hapo juu: mwendo wa sauti, pumzi, mahali anaponyamaza. Utaijua hadithi, utamkosa mtu. Tumia ya Kihispania yenye maandishi chini ya picha. Namna ya kuyaweka sawa tumeieleza kwenye jibu la mwisho.

Kwenye Volver aliimba mwenyewe? Na ni kweli makalio yalikuwa ya bandia? (Wasomaji wawili, Dar es Salaam)

Hakuimba. Kwenye Volver (2006), filamu ya mwongozaji Pedro Almodóvar, sauti ni ya Estrella Morente, mwimbaji wa flamenko, muziki wa jadi wa kusini mwa Hispania. Wimbo wenyewe kwa asili ni tango (muziki wa dansi wa Argentina) ya Carlos Gardel, maneno ya Alfredo Le Pera, wa miaka ya thelathini, na hapa umegeuzwa kuwa flamenko.

Mnaoandaa video za muziki mtaelewa ugumu wake. Kuigiza juu ya sauti iliyokwisha kurekodiwa si kufungua na kufunga mdomo. Yanayoumbua ni matatu. Pumzi: mwimbaji anavuta hewa mahali fulani, na kifua cha anayeigiza kisipopanda sekunde hiyohiyo, mtazamaji anajua kuna uongo hata kama hawezi kusema ni upi. Shingo: anayechezesha midomo tu bila kutoa sauti, koo lake limelala, ndiyo maana wanaoijua kazi huimba kwa nguvu kweli pale studio huku rekodi ikiwafunika. Tatu ni mwisho wa neno. Flamenko huivuta silabi moja na kuizungusha mara nyingi, na taya lazima litetemeke pamoja na kila mzunguko. Ukifunga mdomo mapema, umekwisha.

Sasa tazama Cruz anavyofanya. Amekaa, gita liko pembeni, kamera iko karibu na uso na haina pa kujificha. Binti yake hajawahi kumsikia akiimba. Kule nje, kwenye gari, amejificha mama mzazi ambaye kila mtu anaamini alishakufa, na wimbo huu ndiye aliyemfundisha. Machozi ya Cruz yanajaa na hayadondoki mpaka mahali panapofaa, na wakati wote huo pumzi zake ni za Morente. Wapo wanaotazama mara tano kabla ya kukubali kwamba sauti si yake.

Kuhusu makalio, ndiyo. Mwongozaji Pedro Almodóvar mwenyewe alilisema waziwazi: alimwongezea sponji. Alitaka Raimunda, mwanamke anayeigizwa na Cruz, afanane na kina mama wa filamu za Italia za baada ya vita, wa aina ya Anna Magnani na Sophia Loren, wenye uzito wa chini unaoonekana wakitembea. Cruz ni mwembamba na ana mwendo wa baleti, na mcheza baleti hutembea kama hajagusa ardhi. Mwanamke anayefagia uwanja wa ndege na kulea nyumba nzima hawezi kutembea hivyo. Magnani mwenyewe anaonekana kwa muda mfupi kwenye televisheni ndani ya filamu, kana kwamba mwongozaji anataja deni lake.

Kama mna nafasi ya kutazama tukio moja tu, tazameni la jikoni, muda mfupi baada ya Raimunda kurudi kazini na kukuta mumewe amekufa sakafuni. (Nani kamuua na kwa nini, hatusemi.) Analaza karatasi za jikoni juu ya damu, wekundu unapanda polepole kwenye karatasi nyeupe, halafu anapiga deki na kuosha kisu kama anayeosha cha kukatia vitunguu. Kengele inalia. Ni jirani mwenye mgahawa, amekuja kumwachia funguo. Anaona doa la damu shingoni mwake, anamuuliza kama ameumia. Anajibiwa kwamba ni mambo ya wanawake, na jirani anaridhika. Jibu hilo amelitoa bila kupepesa, na hapohapo hofu na uongo na kichekesho viko kwenye uso mmoja.

Mwaka huo, 2006, tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, liliwapa tuzo ya mwigizaji bora wa kike wanawake sita wa filamu hiyo kwa pamoja, Cruz na Carmen Maura wakiwemo.

Mtu anayeigiza kwa Kihispania anashindaje Oscar? Si ni tuzo za Waingereza na Wamarekani? (Msomaji, Kampala)

Kuna milango miwili na watu huichanganya.

Mlango wa filamu ya kimataifa (zamani ya lugha ya kigeni): kila nchi ina kamati inayochagua filamu moja tu kwa mwaka. Miaka ya filamu tutakazozitaja hapa, isiyochaguliwa nyumbani haikuwa na nafasi kwenye kundi hilo. Mlango wa waigizaji hauna habari na nchi wala lugha. Filamu inatakiwa iwe imeonyeshwa kwa tiketi kwenye sinema ya Los Angeles, au mmojawapo wa miji mingine michache ya Marekani inayokubaliwa siku hizi, kwa siku 7 mfululizo. Baada ya hapo wanachama wa akademia inayotoa Oscar walio waigizaji ndio wanaopiga kura ya kuteua wawaniaji watano, kisha wanachama wote wa akademia wanachagua mshindi. Sophia Loren alishapita humo kwa Kiitaliano, kwa filamu ya mwaka 1960 iliyompa Oscar mwaka 1962.

Kwa Cruz milango hiyo imefanya vituko. Hispania iliipeleka Volver kama filamu yake ya mwaka, na haikuingia tano bora. Cruz aliingia, Mhispania wa kwanza kuteuliwa kuwania mwigizaji bora wa kike. Helen Mirren akaichukua. Mwaka 2021 kamati ya Hispania iliiacha Madres paralelas na kuipeleka El buen patrón, ambayo nyota wake ni... mumewe, Bardem. El buen patrón ikaishia njiani, huku Cruz akiteuliwa kwa Madres paralelas iliyokataliwa nyumbani, baada ya kuwa tayari amechukua Kombe la Volpi, tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Venezia.

Oscar aliyoishinda ni moja, ya mwigizaji msaidizi, usiku wa tarehe 22 Februari 2009, kwa Vicky Cristina Barcelona ya Woody Allen. Ni Mhispania wa kwanza wa kike kushinda Oscar ya uigizaji; Bardem alikuwa amemtangulia kwa mwaka mmoja, wa kwanza kwa wanaume. Filamu imekaribia nusu ndipo Cruz anapoingia kama María Elena, mtalaka wa mchoraji anayeigizwa na Bardem, na tangu hapo wengine wote wanakuwa watazamaji. Anachanganya lugha. Akituliza hasira anasema Kiingereza, ikimpanda anahamia Kihispania, na mtalaka wake anamsihi kila mara aseme Kiingereza kwa ajili ya mgeni aliyepo. Allen hajui Kihispania. Ugomvi huo waigizaji waliutunga wenyewe palepale, naye akawaachia. Rudini kwenye jibu la msomaji wa Mombasa muone: mara hii hakuna aliyempunguza mwendo, na Hollywood ikampa tuzo.

Alitaja Alcobendas kwenye hotuba yake, na akamalizia kwa Kihispania. Uteuzi wa nne uliobaki ni wa Nine (2009), na Goya anazo tatu: za filamu za 1998, 2006 na 2008.

Kwa nini Almodóvar kila mara anampa mimba au watoto? (Msomaji, Zanzibar)

Umehesabu sawa. Wamefanya filamu saba, ukiacha ile ya 2013 alikopita dakika chache na mwigizaji Antonio Banderas, zinabaki sita, na katika tano kati ya hizo yeye ni mzazi au mjamzito. Inayobaki ni Los abrazos rotos (2009).

Ilianza na Carne trémula (1997). Yeye yumo mwanzoni tu. Ni Januari 1970, dikteta Franco bado yuko madarakani, hali ya hatari imetangazwa na mitaa ya Madrid ni mitupu. Kahaba kijana, ndiye Cruz, anashikwa na uchungu, mama mwenye danguro anasimamisha basi lililokuwa likirudi kulala, na mtoto anazaliwa humo ndani. Mama huyo anakata kitovu kwa meno. Mwigizaji aliyekikata ni Pilar Bardem, ambaye miaka 13 baadaye akawa mama mkwe wa Cruz, na Javier naye yumo kwenye filamu hiyohiyo. Halafu akaja mtawa mjamzito mwenye virusi vya UKIMWI kwenye Todo sobre mi madre, Raimunda, mama fukara wa pangoni kwenye Dolor y gloria (2019), na mpiga picha wa Madres paralelas.

Sababu moja ni Almodóvar mwenyewe: alikulia La Mancha, eneo la mashambani la Hispania, katikati ya wanawake waliokuwa wakifua, wakishona na kusengenya, na mama yake hatoki kwenye filamu zake. Mwanzoni mwa Dolor y gloria wanawake wanafua mashuka mtoni na kuyaanika juu ya matete huku wakiimba. Cruz yumo, na yule binti aliyekuwa akijifanya anaandika kazi za shule saluni angewatambua wote. Sababu nyingine ni ya kazi. Almodóvar hufanya mazoezi marefu kabla ya kamera kuwashwa na anataka maneno yasemwe yalivyoandikwa, kinyume kabisa na Allen. Mwigizaji akishajua kila neno liko wapi, anaweza kukimbia bila kuangalia chini.

Kwenye Pirates of the Caribbean ya nne alikuwa mjamzito kweli? (Msomaji, Morogoro)

Kweli. Ilipigwa mwaka 2010, mwanawe wa kwanza akazaliwa Januari 2011. Picha za karibu ni zake. Kwenye baadhi ya zile za mbali aliyesimama ni mdogo wake Mónica, mcheza dansi na mwigizaji, na wanafanana kiasi cha kutosha.

Nataka kuanza. Nianze na ipi, na maandishi yangu kwa nini hayaendi na sauti? (Msomaji, Maskati)

Anza na Volver. Kisha Todo sobre mi madre, halafu lile jaribio la Abre los ojos na Vanilla Sky kwa usiku miwili inayofuatana, Vicky Cristina Barcelona, Dolor y gloria, Madres paralelas. Jamón, jamón iache mwisho, ukiwa peke yako. Ukitafuta kwenye mitandao ya kulipia, nyingi zimewekwa kwa majina ya Kiingereza: All About My Mother, Open Your Eyes, Pain and Glory, Parallel Mothers. Volver imebaki Volver. Ukishaifungua, angalia kwanza orodha ya sauti na uchague Español, maana nakala nyingine huanza zenyewe na sauti za Kiingereza zilizobandikwa.

Kuhusu maandishi, pima kwanza ni kosa la aina gani. Tazama dakika ya 5, kisha ruka hadi dakika ya 60. Kama pengo kati ya sauti na maandishi ni lilelile, ni suala la kusogeza tu: kwenye kompyuta ya Windows, ukitumia programu ya VLC, herufi H inayachelewesha na G inayawahisha, milisekunde 50 kwa kila mbonyezo. Sogeza hadi maandishi yatokee mdomo unapofunguka.

Kama pengo linakua kadiri filamu inavyokwenda, usipoteze muda na H na G. Hapo kinachotofautiana ni kasi. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, lakini diski za Ulaya huzichezesha kwa 25, hivyo Volver ya dakika 121 inaisha kwa 116. Maandishi yaliyotengenezwa kwa 24 yataachwa nyuma, na ikifika nusu saa yamechelewa kwa zaidi ya dakika nzima. Tafuta faili la maandishi lililotengenezwa kwa nakala ya picha 25, au tafuta nakala ya filamu ya picha 24. Ukiweza kuchagua, chukua ya 24: ile ya 25 inapandisha sauti juu kidogo, na ya Cruz ni nzito kuliko utakavyoisikia humo.